Bomba la pikipiki na mguu wa abiria

Majuzi mama mmoja wa makamo aliingia chumbani mwangu hapa Garissa kupimwa sukari. Alipoketi na kuinua nguo kidogo ili nimtazame miguu, niliona kidonda kwenye upande wa ndani wa shavu la mguu wa kulia. Kilikuwa kipana kama kiganja cha mtoto, cheusi katikati.

"Mama, hiki umekipata wapi?" nilimwuliza.

"Kipi, daktari?"

Siku mbili kabla yake alikuwa amebebwa kwa bodaboda kutoka sokoni hadi kwake Bula Iftin. Bomba la moshi lilimchoma njiani naye hakuhisi lolote, kwa kuwa ugonjwa wa kisukari ulikuwa umekwisha kuua hisia za miguu yake. Aliona doa la majimaji kwenye nguo akadhani ni jasho.

Mwenye pikipiki alikuwa mpwa wake, naye alikuwa akimngoja nje. Nilitoka kwenda kuitazama. Bomba la kiwandani lilikuwa limeng'olewa na mahali pake pamefungwa jingine fupi la kung'aa, lisilo na kifuniko chochote cha kuzuia joto, na mdomo wake ulikoma papo hapo abiria anapokanyaga. Kijana alilisifu sana. "Daktari, hili linafanya pikipiki iwe nyepesi. Hata mbuzi na punda wanatoka barabarani kabla sijafika."

Msomaji mpendwa, tangu serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mnamo mwaka wa 2008, bodaboda zimekuwa miguu yetu. Zinafika mahali ambapo teksi haitaki kwenda, na mgonjwa wa Modika au Madogo huenda asifike hospitali bila hizo. Sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na hilo bomba, kwa sababu anayelinunua ni mmoja na anayeumia ni mwingine.

Tuanze na joto. Chuma chenye nyuzi 60 chatosha kuunguza ngozi kwa sekunde chache. Bomba la pikipiki iliyotoka safari laweza kupita nyuzi 200. Ndiyo maana kiwanda huweka bati la kuzuia joto upande wa nje, na ndiyo maana bomba lake ni refu, ili moshi utokee nyuma ya mguu wa abiria. Huku kwetu akina mama huvaa nguo ndefu, nyingi zikiwa za nailoni au polista. Kitambaa cha namna hiyo kikigusa bomba huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Watoto nao hupakiwa katikati, miguu ikining'inia bila kufika pa kukanyagia.

Kisha kelele. Sikio laweza kustahimili desibeli 85 kwa muda wa saa nane kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu, hivyo kwenye 88 ni saa nne, kwenye 91 ni saa mbili, na ukifika 100 ni dakika 15 tu. Huhitaji chombo cha kupimia. Ikiwa mtu aliye umbali wa mkono mmoja lazima apaaze sauti ndipo umsikie, basi umepita 85. Mwenye bodaboda hukaa juu ya kelele hiyo kutwa. Vinywele vya sikio la ndani vikifa haviponi wala haviondolewi vikawekwa vipya, na dalili ya kwanza aghalabu ni mlio masikioni wakati wa kulala. Nimewauliza vijana kadhaa kuhusu mlio huo na wengi wamecheka, wakidhani kila mtu anao.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni huenda asilifikirie. Bomba lililotolewa matumbo yake ya kupunguza sauti hupiga mipasuko dereva anapoachia mafuta ghafla. Mji huu ulipoteza watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015. Wapo wagonjwa wangu ambao mpasuko mmoja wa saa nne usiku huwanyima usingizi hadi alfajiri, mioyo ikidunda. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka wa 2009 zipo, lakini nisingependa tungoje askari aje kutuambia jambo tunalolijua wenyewe.

Na ile nguvu inayosifiwa? Mara nyingi ni masikio yanayodanganya. Injini ndogo ya cc 100 au 150 imepangwa pamoja na bomba lake na kabureta yake. Ukifungua bomba bila kurekebisha kabureta, hewa huzidi mafuta, injini huchemka kupita kiasi na vali huweza kuungua. Mbuzi nao nadhani wanatuonea huruma tu. Sauti ya bomba huelekea nyuma, walioko mbele wanahitaji honi.

Hata hivyo mabomba huoza na kutoboka, na la kiwandani ni ghali. Kwa hiyo ukilazimika kubadilisha, chagua lililotengenezwa kwa aina ya pikipiki yako, lenye matumbo ya ndani yasiyong'oleka, lenye bati la joto linalofunika sehemu yote inayofikiwa na mguu, na ambalo mdomo wake unapita nyuma ya kikanyagio cha abiria. Mwambie fundi aweke gasketi mpya penye injini. Ile ya zamani ikishabanwa haizibi tena. Afunge kwanza nati zote kwa vidole, bomba likae mahali pake bila kulazimishwa, ndipo akaze kwa spana akianzia kwenye injini na kumalizia kwenye kishikizo cha nyuma. Likifungwa kwa nguvu likiwa limepinda, litapasuka kwa mtikisiko wa barabara ya Dadaab. Papo hapo injini inapowashwa ikiwa baridi, paka maji ya sabuni kwenye maungio. Povu likifura, moshi unavuja. Siku ya pili, injini ikiwa imepoa, kaza tena.

Uvujaji huo si jambo dogo. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kuliko oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Wale mnaolaza pikipiki chumbani kwa kuhofia wezi, msiiwashe kamwe humo ndani, hata kama mlango uko wazi.

Abiria akiungua, mwagilia mahali hapo maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Najua maji ni ghali katika mitaa mingine, lakini hayo hayapotei bure. Usipake dawa ya meno, samli, yai wala udongo. Nguo iliyoganda usiibandue, kata pembeni yake. Malengelenge yaache, funika kwa kitambaa safi, uende hospitali ukaulize pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Mwenye kisukari asingoje maumivu ndipo aende, kwani huenda yasije. Na ajitazame miguu kila jioni, au mtoto amtazamie, hadi magotini.

Mpwa alirudi baada ya wiki moja akimleta shangazi yake kufungwa kidonda. Bomba la zamani lilikuwa limerudishwa, likiwa na kiraka cha kuchomelea. Kidonda cha mama kilichukua wiki kumi na moja kufunga.