Sikio Nalo Lisome

Wako walimu wenzangu wasemao kwamba podikasti ni mchezo, na kwamba mahali pa mchezo ni uwanjani. Nawaheshimu, lakini siwezi kukubaliana nao.

Podikasti ni mazungumzo yaliyonaswa na kuhifadhiwa, ili mtu ayasikilize wakati apendao. Jina hili lilianza kutajwa mwaka 2004, lakini kufundisha kwa sauti ni jambo la zamani. Shule za Kenya zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalipelekwa kwa redio. Redio ilisaidia, ila haimngoji mtu: neno likikupita limekupita. Podikasti hungoja, nawe waweza kuirudia hata mara kumi.

Tazameni tunavyofundisha fasihi simulizi. Ngano na vitendawili ni mali ya kinywa, nasi twavifundisha kwa chaki. Mwanafunzi huandika ‘Paukwa’ daftarini, wala hapana wa kumwitikia ‘Pakawa’. Katika mtihani wa Kidato cha Nne, karatasi za Kiswahili ni tatu, na zote hujibiwa kwa kalamu. Kijana aweza kutaja sifa zote za mtambaji hodari, naye hajapata kutamba ngano hata moja. Huko ni kujifunza kupiga makasia juu ya mchanga.

Muhula mmoja niliwaagiza wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu watafute ngano kwa wazee wao, kisha wazitambe mbele ya simu yangu. Mara ya kwanza walisoma kama wasomao tangazo. Nikawasikilizisha sauti zao, wakacheka, wakaona haya. Msichana mmoja asiyepata kuinua mkono darasani aliomba kurudia. Alirudia mara nne. Mara ya nne darasa zima lilimwitikia.

Nitaambiwa kwamba simu zimekatazwa shuleni. Simu moja ya mwalimu yatosha darasa zima, na sauti ikishahifadhiwa haihitaji intaneti. Nitaambiwa pia kwamba kusikiliza ni uvivu. Ni kweli, kama mtu asikiliza mikono mitupu. Asikilizaye na kalamu mkononi, akaandika aliyoyafahamu na kuuliza yaliyomshinda, anafanya kazi sawa na asomaye kitabu. Wala chombo hiki hakimwondoi mwalimu. Nani mwingine atamwonyesha mtoto kosa la matamshi yake?

Nanyi wanafunzi, msitungoje sisi tumalize kubishana. Likizo ijayo kaeni karibu na babu na nyanya zenu, waombeni ruhusa kwa adabu, mnase ngano zao kwa sauti zao wenyewe. Kitabu kikichanika hupigwa chapa tena. Sauti ya nyanya ikinyamaza, hapana kiwanda kitakachoipiga chapa.