Zeze la kopo, starehe ya bei poa

Wiki hii nina jambo zito. Vijana wengi mjini wanaupenda muziki, lakini wimbo wao ni mmoja: “Ningekuwa na gitaa!” Nami mshiko wa gitaa sina. Basi mimi, ambaye hata msumari nilikuwa sijawahi kupigilia, nimejitengenezea zeze.

Vifaa? Kopo tupu la maziwa ya unga, mpini wa fagio na waya wa breki ya baiskeli. Waya ule ni nyuzi nyembamba zilizosokotwa. Fumua, chukua mmoja. Nikatoboa kopo ubavuni, huku na huku, nikapitisha mpini. Uzi nikaufunga ncha mpaka ncha, upite juu ya kitako cha kopo, nikauinua kwa kijiti ili mtetemo uingie kwenye bati. Juu, kigingi cha kukazia. Ukikaza, sauti inapanda, ukilegeza, inashuka. Ukibonyeza katikati kabisa, inalia ileile, ila ya juu.

Siku ya kwanza jirani aliuliza nani anamkaba paka. Siku ya nne akagonga ukuta: “Dogo, hapo hapo, rudia!”

Msidhani ni utoto. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki 2003, aliizunguka dunia na zeze na ilimba, siyo gitaa la dukani.

Kwa hiyo usingoje mfadhili. Sikio halinunuliwi, linafundishwa, na kopo moja linatosha kuanzia. Tukutane wiki ijayo!