Kivimbe cha Ukope Kinachorudi Kipelekwe Maabara

Askari aliye lindoni hamruhusu mtu kupita kwa kuwa tu amevaa sare. Humwuliza jina, hutaka kitambulisho, humtazama usoni. Lakini askari huyo huyo akivimba ukope husema ni chokea, hupaka marhamu na kurudi kazini. Mara nyingi husema kweli. Maneno yangu ya leo yanahusu zile mara chache ambazo si chokea.

Ndani ya kila ukope mna safu ya tezi nyembamba ambazo tabibu Mjerumani, Heinrich Meibom, alizieleza mwaka 1666. Hutoa mafuta yanayozuia machozi yasikauke upesi. Tezi ikiziba hutokea kivimbe kigumu kisicho na hatari. Saratani nayo, ingawa ni kwa nadra, huweza kuanza katika tezi hizo hizo, ikajifananisha na kivimbe hicho, au na wekundu wa ukingo wa kope usiokwisha. Huonekana zaidi kwenye ukope wa juu, na zaidi kwa watu wa makamo na wazee, yaani masajini wetu wa siku nyingi na wastaafu.

Kivimbe kikipasuliwa kisha kikarudi palepale, nywele za kope zikipukutika mahali pamoja, au jicho moja likiwa jekundu kwa miezi na dawa zisifae kitu, basi pana neno. Wala asidanganyike mtu kwa kuwa hapaumi. Mwanzoni ugonjwa huu hauumi, na sisi tumezoea kwenda hospitali tukisukumwa na maumivu.

Hata hivyo, simlaumu askari peke yake. Ziko zahanati ambako kivimbe hupasuliwa, kikakwanguliwa, na nyama yake ikatupwa kwenye ndoo. Je, ni polisi gani achomaye ushahidi kabla ya upelelezi? Nyama ile itiwe katika formalini, chupa iandikwe jina na upande wa jicho, ipelekwe kwa mtaalamu wa darubini. Jambo hili si geni Uganda: mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, alichapisha habari za uvimbe wa taya za watoto ambao leo waitwa kwa jina lake, na Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa mwaka 1967.

Ikithibitika kuwa ni saratani, hukatwa pamoja na sehemu ya nyama nzima iliyoizunguka, na kingo zake hupimwa kwa darubini. Kwa kuwa huweza kuruka nyama nzima na kuota kando, wapasuaji huchukua vipande vidogo pia kutoka utando wa ndani wa kope. Ukope hutengenezwa upya kwa nyama ya jirani. Aliyechelewa hadi saratani ikaingia katika tundu la jicho huenda akaondolewa jicho lote. Na ikishafika kwenye tezi zilizo mbele ya sikio na za shingo, kinachopiganiwa si jicho tena bali uhai.

Kwa hiyo nawaomba maafande wanaotoa ruhusa wasimhesabu kuwa mtegaji yule anayeomba kwenda hospitali kwa ajili ya kivimbe kidogo cha kope kilichorudi mara ya pili. Nao matabibu wa vikosi waandike daftarini tarehe, jicho na mahali pa kivimbe, ili atakayekipasua mara ya pili ajue kwamba si cha kwanza.