Mahandaki ya Salaita na Deni la Wanakiswahili

Wanafunzi wa etimolojia wanajua kwamba neno handaki tulilipata kutoka Kiarabu. Wasilolijua wengi wao ni kwamba mahandaki yenyewe tunayo hapa nchini, katika kilima cha Salaita karibu na Taveta. Majeshi ya Wajerumani, ambayo askari wake wengi walikuwa Waafrika, yaliiteka Taveta mwezi Agosti 1914 kisha yakajichimbia katika kilima hicho. Tarehe 12 Februari 1916, Waingereza na Waafrika Kusini walikishambulia. Mizinga yao ilitwanga kilele, kumbe wapinzani wao walikuwa wamejificha katika mahandaki ya chini! Washambulizi wakarudishwa nyuma.

Aghalabu masimulizi ya vita hivi huwa ya majenerali: Smuts na von Lettow-Vorbeck. Wapagazi wa Afrika Mashariki waliobebeshwa mizigo ya Waingereza, ambao zaidi ya 40,000 walifariki, wengi wao kwa maradhi, wamesalia hasa katika majina ya mitaa, Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam.

Wapo watakaodai kwamba uhifadhi ni jukumu la serikali. Sikubaliani nao. Katika kisiwa cha Jersey, kilichokaliwa na Wajerumani kati ya 1940 na 1945, wanachama wa Channel Islands Occupation Society walikarabati kwa kujitolea handaki la saruji la Noirmont, wakaligeuza makumbusho. Wao wenyewe ndio huwafungulia wageni milango. Letu ni la udongo, na udongo hausubiri bajeti. Kila masika huporomosha sehemu yake.

Kuchimbua au kujenga upya ni kazi ya wataalamu, tena kwa idhini chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006. Lakini kufyeka njia, kuwaongoza wageni na kuandika maelezo ni mambo ambayo wenyeji wa Taveta na sisi wanafunzi tunayaweza. Maelezo hayo yaandikwe kwa Kiswahili kwanza. Mnara wa askari jijini Nairobi una maandishi ya Kiswahili tangu enzi ya mkoloni. Itakuwa ajabu sisi tushindwe.

Wajukuu wa wapagazi wangali hai, ila wanazeeka. Napendekeza chama chetu kianze likizo ijayo, kwa kinasa sauti kimoja, daftari na ruhusa ya chifu.