Pwani si Kenya: waraka wa 1963 haukumtetea skwota

Maneno "Pwani si Kenya" hunyamaza miaka kadhaa, kisha hurudi. Mwaka 2012 yalikuwa ya Baraza la MRC. Mwishoni mwa 2017, baada ya uchaguzi uliozua mzozo, wazo la kujitenga lilitoka vinywani mwa magavana Hassan Joho wa Mombasa na Amason Kingi wa Kilifi. Kila linaporudi, nyaraka zilezile mbili hutolewa kama ushahidi: ya 1895 na ya 1963. Ni vyema tukazisoma, kwa sababu zinasema jambo ambalo wengi wanaozipeperusha hawalitarajii.

Tarehe 14 Desemba 1895, Sultani Hamed bin Thuwaini wa Zanzibar aliwapa Waingereza mamlaka ya kuendesha ukanda wa maili 10 kutoka baharini, kwa malipo ya kila mwaka. Ardhi ilibaki kuwa milki ya Sultani, na bendera yake nyekundu iliendelea kupepea Fort Jesus. Ndiyo maana tangu 1920 nchi hii iliitwa Koloni na Himaya ya Kenya: bara ilikuwa koloni, mwambao ulikuwa himaya. Kwa hiyo anayesema Pwani iliingia Kenya kwa mlango wake hasemi uongo.

Uhuru ulipokaribia, swali likawa: ukanda huu uende wapi? Vuguvugu la Mwambao lilitaka ujitawale au urudi kwa Sultani. Uingereza ilimtuma Sir James Robertson, na ripoti yake ya 1961 ikapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Tarehe 8 Oktoba 1963, jijini London, mkataba ukatiwa saini: siku Kenya itakapopata uhuru, ukanda utakuwa sehemu ya Kenya na mkataba wa 1895 utakoma. Hauna kifungu cha miaka 50. Dai kwamba "kodi iliisha 2013" limezunguka sana mitaani, lakini waraka wenyewe hausemi hivyo.

Sasa tuulize nani alikuwa upande gani. Waliobeba bendera ya Mwambao walikuwa hasa Waarabu na Waswahili wa mijini, watu waliokuwa na hadhi na mashamba chini ya Sultani. Wamijikenda wengi walikuwa nyuma ya Ronald Ngala na chama cha KADU, waliotaka majimbo ndani ya Kenya. Kwao, kurudi kwa Sultani kulimaanisha kurudi chini ya mwenye shamba, na kumbukumbu za utumwa zilikuwa bado mbichi.

MRC ilipoanzishwa 1999, mambo yalikuwa yamegeuka. Nguvu yake ilitoka zaidi vijijini, hasa Kwale, kwa vijana wa Kimijikenda. Wajukuu wa waliokataa Mwambao ndio walioshika nyaraka za Mwambao. Kwa nini?

Jibu liko kwenye sheria ambayo haitajwi sana katika mikutano. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hatimiliki iliyomtaka kila mwenye ardhi ya mwambao kujitokeza na kuthibitisha dai lake. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Mfalme wa Uingereza. Aliyekuwa na karatasi, wakili au jamaa mjini alipata hati. Mdigo au Mgiriama aliyelima shamba la ukoo, ambalo mipaka yake ilijulikana kwa mti na kaburi, hakupata kitu. Hakuhama, aliendelea kuishi palepale, ila sasa kisheria alikuwa skwota. Miaka 6 baadaye, 1914, Wagiriama waliinuka dhidi ya Waingereza, na jina la Mekatilili wa Menza bado tunalitaja. Kodi, kazi ya lazima na kuhamishwa kutoka ardhi ya kaskazini mwa mto Sabaki vilikuwa kiini cha vita vile.

Turudi 1963. Siku 3 kabla ya mkataba, tarehe 5 Oktoba, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, waliandikiana barua zenye ahadi tano: uhuru wa ibada, mahakama za kadhi, maafisa Waislamu katika maeneo ya Waislamu kadiri itakavyowezekana, mafunzo ya Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu, na kutambuliwa daima kwa hati za ardhi za mwambao zilizokwisha kusajiliwa.

Soma tena ahadi ya tano. Hati zilizokwisha kusajiliwa ni zilezile zilizozaliwa na sheria ya 1908. Waraka ambao kijana wa Kwale anauinua kudai shamba la babu yake ndio uliofunga mlango wa shamba hilo.

Baada ya uhuru, serikali za Nairobi hazikuufungua. Majimbo yalivunjwa 1964. Ardhi iliyokuwa ya Mfalme ikawa ya Serikali, na viwanja vya ufuoni vikagawiwa wenye vyeo na marafiki zao. Tume ya Ndung'u ilieleza ugawaji haramu wa ardhi ya umma kote nchini katika ripoti yake ya 2004, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikarudia kilio cha Pwani 2013. Ahadi ya kadhi imo hadi leo katika Katiba ya 2010. Kilio cha skwota bado kinasubiri.

Serikali ilipiga MRC marufuku 2010, na Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo Julai 2012. Miezi michache baadaye viongozi wake walikamatwa. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Kukamata watu hakumpi mtu shamba, na wala kujitenga peke yake hakutampa, kwa sababu Pwani huru ingerithi daftari lilelile la hati.

Kwa hiyo dai letu liwe la 1908. Sheria iliyorekebishwa 2016 iliipa Tume ya Ardhi uwezo wa kusikiliza dhuluma za kihistoria, lakini ikatoa miaka 5 tu ya kuwasilisha madai, kwa jambo lenye zaidi ya karne. Mwanasiasa akija na hatimiliki za kugawa jukwaani, tumuulize: shamba hili lilikuwa la nani kabla ya 1908, na anayelilima leo atapata hati lini?