Fungueni Geti, Nasi Tucheze

Juzi nilimwambia binamu yangu nataka kushindana katika bolsi, ule mchezo wa kuviringisha matufe kwenye nyasi. Alicheka hadi akamwaga chai. "Ule wa wazee wa kofia nyeupe? Manze, utakula nini?"

Mimi sikucheka. Baba alikata nyasi katika klabu moja hapa Nairobi kwa miaka 19. Jumamosi nilimsaidia kusukuma rola, na wenyewe wakienda kula, tuliviringisha matufe mawili matatu huku tukiangalia nyuma kama wezi. Tufe moja lina karibu kilo moja na nusu, na limechongwa ili lipinde. Ukililenga jeki, kile kitufe kidogo cha mbele, moja kwa moja, umekosa. Unalituma pembeni, unangoja lirudi lenyewe. Baba alijua kila hatua ya uwanja ule, pale nyasi inapokimbia na pale inapokaba. Hakuwahi kucheza shindano hata moja.

Nilipotaka kujiunga, niliambiwa nilete wanachama wawili wa kunipendekeza, pamoja na ada iliyozidi mshahara wa Baba wa mwaka mzima. Halafu watu haohao wanalalamika ati vijana hawaupendi mchezo. Umefunga geti na kuweka askari, sasa unashangaa hakuna anayebisha hodi?

Na hii ya "mchezo wa wazee" ife leo. Tarehe 2 Agosti 2022, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Birmingham, wanawake wanne wa India waliifunga Afrika Kusini 17–10 wakachukua dhahabu. India haikuwa imewahi kupata medali yoyote ya bolsi. Lovely Choubey ni polisi. Pinki ni mwalimu wa michezo. Nayanmoni Saikia, wakati huo wa idara ya misitu, alikuwa mnyanyua vyuma kabla ya kuumia. Rupa Rani Tirkey alikuwa ofisa wa michezo. Hizo ni kazi za shangazi zako na zangu.

Na hata uzee wenyewe, ubaya wake ni nini? Alex Marshall wa Uskoti alishinda dhahabu ya Madola mwaka 2002, akashinda ya tano mwaka 2018 akiwa na miaka 51. Niambie mkimbiaji wetu gani goti lingemruhusu hivyo. Huko Birmingham, Mskoti mwingine, George Miller, alivaa dhahabu akiwa na miaka 75, akimwongoza Melanie Inness, mchezaji mwenye ulemavu wa macho.

Binamu ana hoja moja: bolsi haitanilisha. Sawa. Hata wale wanne wana ajira zao. Lakini sijaomba mshahara. Naomba alasiri moja kwa wiki uwanja uwe wazi kwa yeyote, matufe yaazimwe, maana yanadumu miaka na miaka, na timu ya taifa iteuliwe kwa mchujo ambao hata mtoto wa mkata nyasi anaweza kuingia. Nyasi haitaisha kwa sababu tumeikanyaga. Sisi ndio tuliitunza.

Baba amestaafu. Ana miaka 63. Kwa hesabu ya Miller, bado ana miaka 12 ya kufika jukwaani. Geti ndilo linalomzuia.