Nchi Haijulikani kwa Ramani Peke Yake



Wasomaji wetu watukufu, mwezi huu tunaomba ruhusa ya kuyaweka kando mazungumzo ya skoli na mitihani, tuzungumze habari za safari. Na katika kuzungumza hayo itatulazimu kulikiri kosa letu wenyewe, jambo ambalo si jepesi kwa mtu aliyezoea kusahihisha makosa ya wengine kwa wino mwekundu.

Wazazi watatu wametufikia msikitini, kila mmoja kwa wakati wake, na swali lao lilikuwa moja. Kijana wake anataka kujiandikisha katika msafara wa baiskeli unaoanzia Land's End, kwenye ncha ya kusini-magharibi ya kisiwa hiki, na kumalizikia John o' Groats, kule kaskazini mwa Scotland. Je, hii ni busara au ni israfu? Na sala itakuwaje? Na chakula? Na kama kijana mwenyewe ni binti? Walituuliza sisi kwa kuwa wamesikia kwamba binti yetu aliifanya safari hiyo mwezi wa Juni. Mlangoni pa msikiti tuliwajibu kwa mkato. Hapa tunajibu kwa urefu.

Kwanza tuieleze safari yenyewe. Kwa njia ya barabara iliyozoeleka, kutoka ncha hadi ncha ni kilomita 1,400 na kidogo. Lakini waendesha baiskeli huzikwepa barabara kuu, hivyo hufika kilomita 1,500 au 1,600. Wengi huanzia kusini, kwa sababu pepo za nchi hii aghalabu huvuma kutoka kusini-magharibi, na ni heri upepo ukusukume mgongoni kuliko kukupiga usoni. Kwa haki ya jiografia, ncha ya kaskazini kabisa si John o' Groats bali ni Dunnet Head, iliyoko upande wa magharibi yake. Lakini desturi imekwishashika, nasi hatutagombana na desturi.

Msafara wa kuongozwa ni huu: watu kumi, kumi na watano, wanakwenda pamoja na kiongozi anayeijua njia. Nyuma yao kuna gari linalobeba mizigo, vyakula, maji, na vipuri. Malazi ya kila usiku yamekwishawekwa. Pancha ikitokea, yuko fundi wa kusaidia. Mtu akizidiwa, hupanda garini bila ya aibu. Aliyekwenda Hijja ataufahamu mpango huu mara moja. Nasi tumefundishwa katika dini yetu kwamba watu watatu wakisafiri wamfanye mmoja wao kuwa kiongozi. Basi jambo hili si geni kwetu kama tunavyodhani.

Sasa tulifikie kosa letu. Mwaka 2005, binti yetu alipokuwa na miaka kumi na sita, alituletea barua kutoka skoli. Wanafunzi walikuwa wakienda Wales kwa baiskeli muda wa wiki moja, pamoja na walimu wao, na mzazi alitakiwa atie saini. Hatukuisoma mpaka mwisho. Tulimwambia maneno mawili. La kwanza: mtoto wa kike juu ya baiskeli, watu watasema nini? La pili: baiskeli ni chombo cha mtu aliyekosa nauli, hatukuvuka bahari kuja Ulaya ili watoto wetu wapige pedeli. Aliikunja barua akairudisha mkobani. Hakulia wala hakubisha. Lakini tangu siku ile hakutuomba tena ruhusa ya jambo lolote. Alisoma, akafanya kazi, akaolewa kwa heshima zote na kwa radhi zetu; ila alikuwa akitupa habari, haombi. Mzazi anaijua tofauti ya mambo hayo mawili.

Na ubaya wa maneno yetu ulizidi kwa kuwa hayakuwa ya kweli. Sisi wenyewe tulilelewa na baiskeli. Marehemu baba yetu alikuwa na Hercules nyeusi, na juu ya keria yake tulikwenda skoli, tulikwenda hospitali, na siku za sikukuu tulikwenda Chwaka, mwendo wa kilomita thelathini na zaidi kutoka Mjini Unguja. Akiipangusa kila Alkhamisi kwa kitambaa na mafuta ya taa. Hakuna aliyemwona kuwa ni maskini; alionekana kuwa ni mtu mwenye chombo chake.

Tena baiskeli ile ilitengenezwa wapi? Hapa hapa tulipo. Kampuni ya Hercules ilianzishwa Birmingham mwaka 1910, na kiwanda chake kikubwa kilikuwa Aston, mitaa ambayo leo wengi wetu tunakaa. BSA ilikuwa Small Heath. Viti vya ngozi vya Brooks vilitoka Smethwick. Matairi ya Dunlop yalitoka Erdington, pale Fort Dunlop, jengo ambalo bado linaonekana na kila apitaye barabara ya M6. Wazee wetu wa Unguja, Tanga, Mombasa na Lamu walikuwa wakiipanda kazi ya mikono ya mji huu kabla sisi hatujaota kuuona. Halafu tumefika mjini wenyewe, tukakionea haya chombo chake.

Ama hoja ya kwamba mwanamke hawezi au haimpendezi, ijibiwe na bibi mmoja wa jirani zetu. Eileen Sheridan alizaliwa Coventry mwaka 1923. Kimo chake hakikutimia futi tano, naye alikuwa mama wa mtoto. Mwaka 1954 aliondoka Land's End juu ya baiskeli ya Hercules, akafika John o' Groats kwa siku 2, saa 11 na dakika 7. Alifariki mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka 99. Hatusemi mabinti zetu waige mavazi yake wala mbio zake. Tunasema tu kwamba neno "hawezi" lifutwe ubaoni.

Basi mwaka huu binti yetu, sasa mama wa watoto watatu, alitupa habari kwamba yeye na mumewe wamejiandikisha katika msafara wa siku 15, na akatutaka tukae na watoto. Tulikaa nao. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na sisi tulikuwa nao watatu mezani, kila asubuhi wakiuliza mama yao amefika wapi. Tuliibandika ramani ukutani jikoni, na kila jioni baada ya simu yake tukawa tunachora mstari.

Siku za mwanzo ndizo zilizokuwa ngumu. Watu hudhani taabu iko Scotland kwenye milima, kumbe vilima vya Cornwall na Devon vinachosha zaidi: ni vifupi, vikali, na havina mwisho, ukishuka kimoja unaanza kupanda kingine. Siku ya tatu aliteremka, akaivuta baiskeli kwa mkono huku machozi yakimtoka. Kiongozi alimngoja juu, akamwambia kwamba kutembea nako ni kwenda. Neno hilo alitusimulia mara mbili.

Siku ya sita msafara ulilala Shrewsbury. Kutoka New Street hadi huko ni safari ya saa moja kwa treni, nasi katika miaka mingi ya kukaa hapa hatukuwahi kuifunga. Tuliwachukua wajukuu, tukachukua na chapati, samaki wa kukaanga, tende, na kashata za nazi. Tulimkuta kando ya mto, uso umemwiva kwa jua na upepo, anachechemea kidogo, anacheka.

"Baba, unaujua mto huu?" alituuliza.

Tukamjibu kwamba ni Severn. Tulisomesha jiografia miaka ishirini na sita, na vitabu vya zama zetu vilitueleza habari za Severn na Thames kabla ya kutueleza habari za Rufiji.

"Juzi nimeuvuka karibu na bahari, juu ya lile daraja kubwa la mwaka 1966. Upepo ulikuwa unataka kutubeba. Leo naukuta tena huku, mwembamba hivi. Wewe umeusomesha, baba, lakini hatukuwahi kuja kuutazama."

Hatukuwa na la kumjibu. Tulimpa kashata.

Tukiwa garini moshi tunarejea tulijihesabia nchi tunayoijua. Tunaijua barabara ya London. Tunaijua ya Leicester, kwa sababu ya harusi na maziko. Tunaijua njia ya uwanja wa ndege. Watoto wetu wamezaliwa hapa, wana pasipoti za hapa, na wakiulizwa kwao ni wapi wanababaika. Kule Unguja wanaitwa wageni, na hapa hawajaiona nchi yenyewe ila kwa dirisha la gari liendalo mbio. Nchi haiwi yako kwa pasipoti tu. Huwa yako unapokijua kilima chake kwa miguu yako, na mvua yake kwa mgongo wako, na mtu wake kwa salamu. Binti yetu alipigwa na mvua siku nzima akipanda Shap, kule Cumbria, na mwanamke mmoja mzee asiyemjua akamtolea chai mlangoni. Alipita kando ya Loch Lomond, akapita bonde la Glencoe, akafuata Loch Ness hadi Inverness. Sasa akizitaja sehemu hizo huzitaja kama mtu anayetaja mitaa ya kwao.

Turudi kwenye maswali ya wazazi wetu.

Kuhusu sala: msafiri wa masafa haya ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya. Mwezi wa Juni Adhuhuri huingia baada ya saa saba mchana, na binti yetu na mumewe waliisali pamoja na Alasiri wakati wa mapumziko ya chakula, rakaa mbili mbili, juu ya mkeka mwepesi uliokaa garini. Magharibi huchelewa sana, na huko kaskazini hupita saa nne usiku, wala kiza hakifungi barabara. Hapo Magharibi na Isha zikikusanywa huwa ni wepesi mkubwa. Mwenye shaka amwulize shekhe wake kabla ya kuondoka, si akiwa njiani. Na kiongozi aambiwe mapema. Wao walimwambia kabla ya safari, naye akazipanga nafasi za mapumziko ipasavyo.

Kuhusu chakula: samaki, mayai, maharage na mboga hupatikana kila mahali. Nyama waliiacha mpaka waliporudi nyumbani. Tende na kashata, binti yetu anasema, ziliwashinda wenzake wote na vijiti vyao vya dukani; na mpaka msafara unafika Inverness, Waingereza walikuwa wakiziomba.

Kuhusu mavazi: suruali pana ifungwe kifundoni isije ikaingia kwenye cheni, shati refu, na ushungi mwembamba chini ya kofia ya kinga. Binti aende na mumewe au maharimu wake, au katika msafara wa wanawake watupu. Hili tunalishauri kwa yakini.

Kuhusu fedha: ada ya msafara wa kuongozwa aghalabu hupita pauni elfu moja, na kwa familia nyingi hapa hizo ni fedha nyingi. Hatusemi mtu akope. Tunasema tu tusizidharau safari za namna hii huku tukizimaliza fedha kama hizo kwa usiku mmoja wa harusi. Wala mtu asiende bila ya mazoezi. Miezi minne au mitano ni lazima. Njia nzuri tunayo, ile inayofuata mto Rea kutoka Cannon Hill hadi Kings Norton, tambarare, mbali na magari. Ni mwendo wa miguu kutoka Msikiti Mkuu.

Na kwa wale ambao bado wanaona baiskeli ni unyonge, wakumbuke kwamba tangu mwaka 2003 wageni wamekuwa wakilipa fedha nyingi ili wapige pedeli kutoka Cairo hadi Cape Town, wakipita Arusha, Dodoma, Iringa na Mbeya. Chombo ni kile kile alichokipanda baba yetu.

Siku ya kumi na tano simu ililia saa kumi jioni. Upepo ulikuwa ukivuma sana kwenye simu, na wajukuu walikuwa wakigombania kusikiliza. Alisema amefika, alhamdulillah. Kisha akanyamaza kidogo, akasema: "Baba, naomba ruhusa. Huyu mkubwa wangu, nataka nimfundishe baiskeli. Unasemaje?"

Yeye ndiye mama wa mtoto, na hakuhitaji ruhusa ya mtu. Lakini neno "naomba" hatukulisikia kinywani mwake kwa miaka ishirini. Tulimwambia kwamba ruhusa anayo, na kwamba hata ile barua ya mwaka 2005 tungeitia saini lau ingekuwa bado ipo. Akacheka. Akasema anayo.

Basi tumeitia saini.

Mjukuu wetu sasa anajifunza kila Jumamosi asubuhi pale Cannon Hill, nasi tumenunua baiskeli kuukuu, nyeusi, tunamfuata nyuma polepole. Mzazi atakayependa kumleta mwanawe atatukuta. Na mwenye barua ya mtoto mkobani, tunamwomba aisome mpaka mwisho kabla ya kutoa jawabu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam.